Umekosea Insha ya Historia? Hesabu Kwanza

Kila Novemba, wasimamizi wakishakusanya karatasi ya kwanza ya Historia na Serikali, watahiniwa wa KCSE husimama makundi makundi nje ya ukumbi wakilinganisha majibu. Mmoja anataja kwamba mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, wa mwaka 1962 ndio uliokubali serikali za majimbo na bunge lenye mabaraza mawili. Aliye pembeni yake ananyamaza. Yeye, chini ya 1962, aliandika kwamba Waafrika walipata viti vingi zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria na kwamba mlango ulifunguliwa kwa vyama vya kitaifa. Hayo ni mambo ya mkutano wa kwanza, ule wa 1960. Kuanzia hapo githeri haishuki kooni, na wakati wa prepu kitabu cha Kemia kimefunguliwa mbele yake lakini akili iko London.

Kumwambia mtoto huyu "usijali" hakumsaidii. Anabaki na kosa lake, na juu yake anapata aibu ya kulitaja tena. Kinachomsaidia ni kalamu na kipande cha karatasi. Kosa la mtihani lina kiasi chake kinachohesabika kwa alama. Usipokihesabu mwenyewe, hofu itakuhesabia, nayo kila mara huzidisha.

Karatasi ya kwanza, yaani 311/1, ina alama 100 na hufanywa kwa saa mbili na nusu. Sehemu A ni maswali mafupi ya lazima, jumla alama 25. Sehemu B unachagua insha tatu kati ya nne, alama 45. Sehemu C unachagua mbili kati ya tatu, alama 30. Kwa hiyo kila insha ina alama 15, nayo kwa kawaida hugawanywa vipande viwili: kipande (a) kinachokutaka utaje, alama moja kwa kila hoja, na kipande (b) kinachokutaka ueleze, alama mbili kwa kila hoja. Mgawanyo wa kawaida ni 3 na 12, au 5 na 10. Karatasi ya pili, 311/2, imejengwa vivyo hivyo. Somo zima basi ni alama 200 kabla ya kugeuzwa kuwa asilimia.

Sasa tumrudie mtahiniwa wetu wa Lancaster. Tuseme kipande (b) kilitaka hoja sita kwa alama 12, naye akaandika sita, mbili kati ya hizo zikiwa za 1960. Hizo mbili hazimpi kitu. Nne zilizobaki, kama alizieleza vizuri, zinampa alama 8. Amepoteza alama 4 kati ya 200, yaani 2 katika mia. Msahihishaji hutafuta kilicho sahihi akakipa alama. Hoja isiyo sahihi hupata sifuri, lakini haili alama za hoja iliyo jirani yake.

Fanya hesabu hiyo kwa maandishi, usiifanye kichwani. Andika nambari ya swali, kipande chake, hoja unazozitilia shaka na alama za kila hoja. Kisha andika hasara kubwa kabisa inayoweza kutokea. Hata kama uliharibu kipande (b) chote chenye alama 12, hiyo ni 6 katika mia ya somo zima. Sitasema ni kidogo; inaweza kumshusha mtu gredi moja, na mtu aliyejitahidi miaka minne ana haki ya kusikitika. Lakini ni 6. Mtahiniwa anayelia usiku huwa amekwisha kujihukumu kwamba somo lote limeenda na chuo kimeenda nalo.

Kuna mambo mengine mawili ya kuweka kwenye hesabu hiyo. Kwanza, katika masomo mengi baraza la mitihani, KNEC, hutumia utaratibu ambao kila msahihishaji hushughulikia sehemu yake tu ya karatasi, kisha karatasi humwendea mwenzake. Anayesoma swali la 22 hana habari kwamba uliboronga la 19, na hawezi kuja kwenye insha yako nzuri akiwa na kinyongo cha ile mbaya. Pili, tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Kama una masomo manane au tisa na Historia imekuangusha, huenda isihesabiwe kabisa katika wastani wako. Ila ukilenga kozi inayotazama alama ya Historia yenyewe, usijifariji kwa hilo, utaihitaji.

Makosa yenyewe hayalingani

Wanafunzi huogopa kosa lisilo na uzito na kulipuuza lile zito. Mwaka uliokosewa ndio unaowakosesha usingizi zaidi, na mara nyingi ndio wenye hasara ndogo. Ukieleza kwamba Waraka wa Devonshire ulitamka maslahi ya Waafrika kuwa ndiyo ya kutangulizwa pale yanapogongana na ya wahamiaji, kisha ukaandika 1924 badala ya 1923, hoja yako bado ina miguu. Mwaka pale ulikuja kuipamba hoja. Ukiulizwa katika Sehemu A waraka huo ulitolewa mwaka gani, hapo mwaka ndio jibu, na alama moja imeenda. Tahajia ya jina la mtu au la mahali nayo haipaswi kukunyima usingizi, maadamu msomaji anamtambua unayemtaja.

Kosa la katikati ni la kutaja pale ulipotakiwa kueleza. Mtahiniwa anaandika vistari sita, kila kimoja maneno manne, halafu anatoka akiamini amepata 12 zote. Kila hoja yake imesimama kwa mguu mmoja, na huenda akaambulia nusu. Hili ni la kulijua mapema kwa sababu linarekebishika kirahisi kabla ya karatasi ya pili: sentensi moja ya hoja, sentensi ya pili inayosema ilikuwaje au kwa nini.

Kosa zito ni la kujibu swali lingine, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndilo linalowaangusha hata wanaolijua somo.

Chukua upinzani wa Wanandi dhidi ya Waingereza, kuanzia 1895 hadi 1905. Mtahini anaweza kuuliza kwa nini uliendelea muda mrefu hivyo. Anaweza pia kuuliza kwa nini hatimaye Wanandi walishindwa. Au anaweza kuuliza upinzani huo ulileta matokeo gani. Mwanafunzi aliyeandaliwa kwa kukariri huliona neno "Wanandi" na kumwaga yote aliyonayo. Lakini habari zilezile huzaa alama au sifuri kutegemea zimeelekezwa wapi. Koitalel arap Samoei akiwa Orkoiyot aliwaunganisha watu chini ya uongozi mmoja: hiyo ni sababu ya upinzani kudumu. Koitalel aliuawa Oktoba 1905 akiwa amekwenda kuzungumza amani na Kapteni Richard Meinertzhagen, na watu wake wakabaki bila kiongozi: hiyo ni sababu ya kushindwa. Mtu ni yule yule. Kinachotofautisha ni sentensi inayomfunga kwenye swali.

Kwa hiyo, kabla ya kujihukumu kwamba ulijibu swali lingine, kumbuka uliziandikaje hoja zako. Kama kwenye swali la kudumu kwa upinzani uliandika kwamba misitu na vilima vya nchi ya Wanandi viliwatatiza askari wa Uingereza, hoja yako iko mahali pake hata kama ulikuwa ukifikiria kitu kingine. Kama uliandika kwamba Waingereza waliteketeza nyumba na kutwaa mifugo, hiyo ni ya swali la kushindwa na haitakupa kitu. Pitia hoja moja moja namna hiyo. Ni nadra sana kukuta zote sita zimepotea.

Ukiligundua ukiwa bado ndani

Huku ndiko kuliko na faida kubwa, na ndiko watu wanakopotezea nafasi. Dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Insha ya alama 15 inastahili dakika kama 22. Sehemu A kwa kipimo hicho ni dakika 37, lakini aliyejizoeza huimaliza kwa 25, na hizo 12 zilizobaki ndizo akiba yake ya kurekebisha. Jizoeze hivyo tangu muhula wa pili, kwa saa halisi mezani.

Ukigundua kwamba hoja ya tatu si ya swali hili, ipige mstari mmoja ulionyooka na uendelee chini yake. Usiikwangue, usiifunike kwa wino hadi karatasi itoboke, usichane ukurasa. Kama nafasi imekwisha, andika mwishoni mwa insha kwamba jibu linaendelea ukurasa fulani, na huko mbele uandike nambari ya swali na kipande chake kwa ukamilifu. Msahihishaji ana rundo kubwa mbele yake, usimlazimishe kubahatisha.

Ukigundua, dakika 20 kabla ya kengele, kwamba insha nzima umeipotosha, usianze kuiandika upya kuanzia utangulizi. Utangulizi mrefu haukupi alama. Nenda moja kwa moja kwenye kipande (b), andika hoja yenye uhakika zaidi kwanza, ieleze kwa sentensi mbili, ruka mstari, ingia ya pili. Hoja nne kwa namna hiyo ni alama 8 zilizookolewa. Nimeona watahiniwa wakizitumia dakika hizo 20 kusoma tena na tena insha mbovu, kana kwamba itajigeuza. Haijigeuzi.

Namna ya kuzuia kosa hilo ni fupi, nami naisisitiza kwa kila darasa. Kabla ya kuandika, piga mstari chini ya mambo matatu katika swali: tendo unalotakiwa kufanya, kitu kinachoulizwa (sababu, matokeo, mchango, changamoto), na mpaka wa wakati. Swali likisema "hadi 1914", hoja yako ya Vita vya Kwanza vya Dunia haina nafasi hapo hata ungeiandika kwa ufasaha wa namna gani.

Ukishatoka

Ondoka kwenye kile kikundi cha kulinganisha majibu. Najua ni vigumu, hasa katika shule ya bweni ambako hamna pa kwenda. Nenda kaoge, kafue soksi, kaa na rafiki asiyesoma Historia. Majibu ya uwanjani hutolewa kwa sauti kubwa na watu wasio na uhakika. Nimeshuhudia mwanafunzi aliyeandika sawasawa akishawishiwa na wenzake kwamba amekosea, na akaingia kwenye Biolojia akiwa amevunjika moyo kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kama huwezi kutulia bila kujua, jipe robo saa, peke yako, na kitabu chako. Angalia lile jambo moja tu linalokusumbua. Fanya hesabu niliyoieleza. Andika jumla, kunja karatasi, mpe mwalimu unayemwamini au iweke chini ya sanduku. Kisha fungua somo linalofuata kwenye ratiba.

Kama karatasi ya pili ya Historia bado haijafika, kosa lako lina kazi moja muhimu: linakuonyesha mahali pa kurekebisha. Aliyechanganya Lancaster ya 1960 na ya 1962 huenda hana upungufu wa kusoma; huenda alisoma mambo yanayofanana bila kuyatenganisha. Karatasi ya pili, inayohusu Afrika na dunia, imejaa mapacha wa aina hiyo. Ushirikiano wa Mataifa ulioanza 1920, makao yake Geneva, na Umoja wa Mataifa wa 1945, makao yake New York. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, uliozaliwa Addis Ababa Mei 1963, na Umoja wa Afrika, AU, uliozinduliwa Durban 2002. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 iliyovunjika 1977, na ile iliyofufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 huko Tanganyika, na Chimurenga ya Washona na Wandebele ya 1896 na 1897, ambazo zote zina waganga na imani katikati yake.

Chukua ukurasa, uugawe kwa mstari wa wima, uweke pacha mmoja kila upande. Usijaze kila unachokijua. Weka tu yale yaliyoko upande mmoja na hayako upande wa pili. Kwa Jumuiya, kwa mfano: ile ya 1967 ilikuwa ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, na uhasama kati ya Nyerere na Amin ni miongoni mwa yaliyoivunja; iliyofufuliwa imekuja kuzipokea Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia. Mambo mawili au matatu kwa kila upande yanatosha. Kurasa tano za namna hiyo zitakufaa kuliko kurudia daftari zima ukiwa umechoka na una wasiwasi.

Wasiwasi huo huo ndio wauzaji wa karatasi za uongo wanaoutegea. Siku chache baada ya karatasi ya kwanza, mtu atakuonyesha kwenye simu kundi la Telegram linalodai kuwa na 311/2, kwa pesa kidogo kupitia M-Pesa. Aliyejihesabia hasara ya alama 4 anaweza kupita. Aliyeamini kwamba amepoteza kila kitu ndiye anayetuma pesa, au anayeingia na mwakenya, kikaratasi cha kunakilia majibu, kwenye soksi. Udanganyifu ni kosa la jinai chini ya Sheria ya KNEC ya 2012, na unaweza kukufutia matokeo yote. Hakuna kosa la insha lenye gharama kubwa kiasi hicho.

Mzazi naye ana kazi yake. Mtoto wa shule ya kutwa akirudi nyumbani, usimpokee kwa "ulionaje maswali?" Mpe chakula, muulize kesho ana karatasi gani na anataka kuamshwa saa ngapi. Akikutajia kosa mwenyewe, msikilize hadi mwisho bila kumkatiza, halafu mwombe akuonyeshe kwa alama. Usimlinganishe na dada yake. Usimpigie mwalimu simu mbele yake. Na kama amekaa siku kadhaa bila kulala wala kula, au anasema kwamba hana maana, au afadhali asingekuwepo, hapo hatuzungumzii insha tena. Usimwache peke yake. Mpeleke siku hiyo hiyo kwa mwalimu mshauri au hospitali. Mtihani unaweza kurudiwa.

Kuna swali ninaloulizwa kila mwaka matokeo yakitoka: je, niombe karatasi ikaguliwe upya? Ombi hupitia kwa mkuu wa shule, nalo lina muda maalumu na ada, kwa hiyo usingoje shule zifunguliwe ndipo uanze kuuliza. Linganisha gredi uliyopewa na hesabu uliyoiandika Novemba na alama zako za mitihani ya majaribio. Kama ulitarajia B na umepata B ya kutoa, na kikaratasi chako kinasema uliharibu alama 12, jibu unalo; hifadhi pesa zako. Kama ulikuwa ukipata B kila muhula, kikaratasi kinasema alama 4, na matokeo yamekuja na D, peleka ombi, ukiwa na kikaratasi hicho mkononi unapoingia ofisini kwa mkuu wa shule.